Maziwa ya Shangazi Yako Niliyoyatia Rangi

Nyumbani,
Jumatano, baada ya chakula cha mchana.

Mwanangu mpendwa, kifungua mimba wangu,

Salamu kwanza, habari baadaye, maana habari zenyewe si za kukurupukia. Hujambo? Kifua kinasemaje? Unakula? Usiniambie "nakula mama" kama unavyosema siku zote. Niambie umekula nini na saa ngapi. Na zile soksi nzito nilizokufungia, unazivaa, au umezificha chini ya godoro kama ulivyolifanya lile sweta?

Baba yako anakusalimu. Mgongo wake ni ule ule. Anakaa dirishani tangu asubuhi, anawakosoa wapita njia namna wanavyotembea, yeye ambaye kutoka kitandani hadi dirishani ni safari. Anauliza kama huko kuna dawa ya mgongo isiyo ya sindano, maana sindano anaiogopa na hataki nikuambie.

Bibi yako anakusalimu sana. Masikio yamepungua, ulimi haujapungua hata kidogo. Anasema usioe kabla hajakufa, na pia usichelewe kuoa. Sasa hapo utajua mwenyewe.

Mdogo wako anakusalimu. Amerefuka, sketi ya shule nimeishusha pindo mpaka pindo limekwisha. Paka naye amezaa tena ndani ya kapu la nguo safi, watoto wanne, mmoja ana masikio kama yako. Jirani yetu fundi cherehani anakusalimu, anauliza kama zile suruali zinakaa vizuri kiunoni au umekonda.

Shangazi yako sijamtaja katika salamu. Hakunituma salamu. Ndiyo sababu ya barua hii, mwanangu, na nakuomba uketi kabla hujaendelea.

Mimi mwenyewe si mzima, si mgonjwa. Tangu Jumapili jioni koo lilikuwa linawasha, kama nimemeza unywele. Nikajiambia ni vumbi la kufagia. Jumatatu alfajiri nikaamka kichwa kizito, macho yanatoa maji, pua moja imeziba na ya pili inajiandaa. Mpaka leo sijui kama ni mafua kamili au ni mafua yanayonizungukazunguka tu yakitafuta mlango. Usiwe na wasiwasi. Wasiwasi niachie mimi, mimi nimeuzoea.

Jumatatu ile ilianza vibaya tangu mguu wa kwanza kugusa sakafu. Chai ilimwagika. Kiatu cha kushoto kilikatika kamba. Blauzi nikaivaa ndani nje, nikatembea hivyo njia nzima, watu wananiamkia kwa heshima, hakuna aliyeniambia. Na kabla sijatoka, bibi yako, kwa mapenzi yake, alinikamata kichwa kama anakamata kuku, akanipaka ile dawa yake kali ya kuchua, puani na chini ya pua. "Sasa utapumua," akasema. Nilipumua kweli. Lakini kuanzia hapo dunia nzima ilinuka dawa ya kuchua.

Sasa nikueleze kazi yangu, maana uliondoka nikiwa bado nafagia pale kituo cha maziwa. Sifagii tena. Nilipewa kiti. Wafugaji wanapanga foleni na mikebe yao, na mimi ndiye wa kwanza. Nafungua kifuniko, nainamisha uso, navuta pumzi mara moja. Harufu ya mkebe hutoka mara moja tu, kama mtu aliyeguna. Ukiikosa hiyo huipati tena. Yakiwa mazuri naitikia kwa kichwa, mkebe unakwenda kwa Mzee Mizani anaupima uzito, halafu maziwa yanamwagwa kwenye tangi kubwa la baridi pamoja na ya wengine wote. Yakiwa mabaya nachukua kichupa cha rangi nyekundu, ile ya keki, natia kifuniko kimoja mle ndani na kukoroga. Hiyo ndiyo sheria ya kituo. Maziwa yaliyokataliwa lazima yatiwe rangi mbele ya mwenyewe, asije akayapeleka kuyauza kwingine.

Kazi hii sikuipata kwa shule, unanijua. Darasa la tatu nililiona mgongo tu. Niliipata kwa pua. Siku moja nikiwa na ufagio wangu nilimwambia karani kwamba mkebe fulani umechacha, yeye ameshaupokea, akanicheka. Walipoyachemsha, maziwa yakakatika. Tangu siku hiyo wananiita Mama Pua, na sikuchukia jina.

Lakini kuna binti mmoja, mtoto wa dada yake karani. Ana cheti cha mambo haya ya maziwa, amekiweka kwenye fremu. Sisi tunamwita Bi Cheti. Kila asubuhi anakuja, anasimama nyuma ya kiti changu, mikono amekunja, ananitazama shingo. Hana kazi pale. Anasubiri kiti. Ndiye aliyeniambia habari ya blauzi, tena kwa sauti, mbele ya foleni nzima: "Mama Pua, leo umejigeuza kama soksi?" Watu wakacheka. Nikaenda chooni nikaigeuza, nikarudi na kucheka pia, ningefanyaje.

Mwanangu, nilipofungua mkebe wa kwanza sikusikia kitu. Nilidhani ni mkebe tu. Wa pili, kitu hakuna. Dawa ya bibi yako na pua iliyoziba, hapo katikati maziwa hayakuwa na pa kupita. Wa tatu nikainama mpaka ncha ya pua ikagusa maziwa. Hakuna. Ni kama kumwita mtu ndani ya nyumba iliyohamwa.

Hapo ndipo ningesema. Naijua sheria vizuri, asiyesikia harufu anainuka kitini. Neno moja tu, "Karani, leo sisikii harufu," basi ningekwenda nyumbani kulala. Lakini nyuma yangu namsikia Bi Cheti anapumua, tena anapumua vizuri, pua zake zote mbili safi. Nikajua nikiinuka asubuhi ile sikai tena. Nikafikiria mgongo wa baba yako. Nikafikiria sketi ya mdogo wako. Nikaitikia kwa kichwa.

Nikaanza kutazama nyuso badala ya kunusa. Mwenye maziwa mabaya huwa na jicho la kukimbia, nikawa nawatazama macho. Wote walikuwa na macho ya kawaida. Mkebe wa kumi, wa kumi na tano, wa ishirini, naitikia tu kama mjusi ukutani. Karani akainua kichwa kutoka kwenye daftari lake. "Mama Pua, leo wote wamekuwa malaika? Haijapita siku bila wewe kukataa hata mmoja." Mzee Mizani akadakia, "Labda mapenzi yamemwingia." Wakacheka tena. Bi Cheti hakucheka. Alisogea hatua moja karibu.

Mwanangu, nitakuandikia nilichokifikiria, kama kilivyokuwa, bila kukipaka mafuta. Nilifikiria: lazima nikatae mmoja. Wakiona nimekataa mmoja wataamini pua inafanya kazi. Lakini wa nani? Nikikataa wa yule mama mnene atapiga kelele, ataomba maziwa yachemshwe, yatatoka mazima nami nitaumbuka. Nikikataa wa yule mwenye kofia, ni mjumbe wa kamati. Nikainua macho, na kwenye foleni, mtu wa sita, nikamwona shangazi yako na mkebe wake, ameujaza, ameufunika na kitambaa cheupe.

Nikajiambia, wifi yangu. Wa nyumbani. Huyu hatapiga kelele, huyu atanisamehe.

Tena nilikuwa na sifa kwake. Nilishamkatalia mara mbili zamani, kweli kabisa: mara moja wakati wa mvua mkebe haukuoshwa vizuri, mara ya pili ng'ombe alikula yale magugu yanayonuka. Watu walinisifu. Walisema Mama Pua hana upendeleo, hata wifi yake hamwachi. Nikaona hiyo ni njia nzuri ya kupita.

Alipofika akanisalimu. "Wifi, mbona macho mekundu hivyo? Umelala kweli?" Nikafungua kifuniko. Nikainama, nikavuta. Nikakunja uso kama ninavyoukunja siku zote. Naujua uso huo, naweza kuukunja hata usingizini. Nikatikisa kichwa.

Akasema, "Haya ni ya saa hizi, wifi. Bado yana joto la ng'ombe. Tia mkono." Sikutia mkono. Nikachukua kichupa cha rangi. Akasema tena, pole pole, "Nusa tena." Nikanusa tena, mwanangu. Nilimtazama usoni huku nanusa, nikamwambia yamechacha. Nikamwaga rangi, nikakoroga kwa mwiko, maziwa yote yakawa mekundu kama ufizi wa mtoto.

Ndipo karani akafungua daftari, akasema bila kuinua macho: "Hii ni ya tatu."

Nakuapia sikujua. Ile ya wakati wa mvua nilidhani imefutwa, maana mwaka ulishageuka na hesabu imeanza upya. Daftari silisomi vizuri, nategemea kichwa, na kichwa siku hiyo kilikuwa kimejaa maji. Mkebe ukikataliwa mara tatu mfugaji anaondolewa, jina lake linapelekwa kwenye kamati likafutwe. Na kituo ni kimoja tu. Akifutwa pale, wale ng'ombe wawili ni wa kutazama tu. Shangazi yako hana mume, hana mtoto. Ana wale ng'ombe, na ana wewe.

Hakupiga kelele. Nilibahatisha vizuri, sivyo? Alifunika mkebe na kitambaa chake cheupe, kikaingia wekundu, akaubeba, akaondoka. Karani akaniambia, "Una moyo wa chuma, mama." Bi Cheti alirudi nyuma hatua moja. Mikebe iliyobaki niliipokea yote.

Alasiri nilikuwa nimeketi uani na kanga kichwani. Shangazi yako akaingia. Ameshika chupa ya chai na kikombe kimoja. Akaketi mbele yangu kwenye kigoda, akafungua chupa, akamimina. Yalikuwa mekundu. Yana moshi. Ni yale yale.

"Nimeyachemsha," akasema. "Mara mbili. Hayakukatika."

Nikatazama kikombe. Laini kabisa, hata donge moja hakuna. Maziwa yaliyochacha yakipata moto hukatika vipande vipande, hilo hata mdogo wako analijua.

Baba yako akaita kutoka ndani, "Ni nani huyo?" Shangazi yako akajibu kwa sauti tamu, "Ni mimi, kaka. Nimemletea wifi dawa ya mafua." Baba yako akasema, "Unaona, mama watoto, wifi yako anavyokupenda? Nibakizieni na mimi." Akamjibu, "Hapana kaka, hii ni ya mgonjwa. Kunywa, wifi."

Nikanywa. Hayakuwa na ladha, hayakuwa na harufu, yalikuwa moto tu. Alimimina tena nikanywa tena. Alikaa pale akanitazama mpaka chupa ikaisha. Kisha akasema maneno haya, na nakuandikia yote kwa sababu nayasikia kila nikifumba macho: "Ulipokuwa hospitali miezi mitatu, mtoto wako alininyonya mimi. Hukuninusa siku ile. Ulinipa mtoto tu." Akafuta kikombe, akasema, "Na usimwandikie. Nitamwandikia mwenyewe."

Sikukuambia hili ulipokua, au nilikuambia kama mzaha. Si mzaha. Ulikuwa na wiki sita, mimi nimelazwa, hawakujua kama nitatoka. Yeye alikuwa amezika mtoto wake mchanga mwezi ule ule. Alikuchukua ukanyonya ziwa la yule aliyezikwa. Nilipotoka ulikuwa mnene, ukanikataa, ukamlilia yeye. Niliona wivu, mwanangu. Nakuandikia hili leo tu: nilimwonea wivu, na sijui kama wivu ule umewahi kwisha. Nimejiuliza Jumatatu yote na Jumanne yote kama nilipomwona mtu wa sita kwenye foleni nilifikiria tu kwamba atanisamehe.

Jana nilikwenda kazini mapema kabla ya foleni. Pua ilikuwa imefunguka upande mmoja. Nikamwambia karani ukweli wote, kwamba Jumatatu sikusikia harufu, maziwa ya wifi yalikuwa mazima, futa ile ya tatu. Nilidhani atanifokea. Alifunga mlango. Akaniuliza, "Hukusikia kwa mkebe wa wifi yako tu, au kwa yote?" Nikasema kwa yote. Akasema, "Basi ukiyasema hayo, mama, si mkebe mmoja. Ni mikebe thelathini na nane. Ni tangi zima lililokwenda mjini likiwa na sahihi yangu. Watoto wa watu wameshayanywa. Unataka tuzame wote?" Halafu akanipigapiga bega, kwa upole kabisa. "Jana pua yako ilikuwa nzima. Nenda ukakae kwenye kiti chako. Tena huyu mpwa wangu nitamwambia asije kukusumbua."

Kwa hiyo kiti ni changu sasa, mwanangu. Nimekipata kabisa. Leo asubuhi Bi Cheti hakuja. Nilikaa peke yangu, pua imefunguka zote mbili, nasikia kila kitu: majani, moshi, mikono ya watu, sabuni. Mkebe wa shangazi yako haukuwepo. Mtu wa sita alikuwa mtu mwingine.

Baba yako bado hajui. Ni dada yake yule, tena mmoja tu, na mimi namgeuza kitandani kila siku, natazama uso wake nashindwa kuanza. Simu nimeiogopa pia, ungenisikia sauti, naye angesikia kutoka chumbani. Ndiyo maana nimekaa nyuma ya jiko naandika, mkono unauma, na kamasi limedondokea karatasi hapo juu, usidhani ni chozi. Machozi ni yale ya upande wa pili.

Kamati inakaa Jumamosi ya wiki ijayo, uwanjani pale kituoni, wafugaji wote watakuwepo. Jina lake litasomwa, wataulizwa kama kuna mwenye neno. Nimekata shauri nitasimama. Nitasema mbele yao wote, na karani asikie, na yule mwenye kofia asikie, kwamba sikunusa. Nimeyafanyia mazoezi kwa paka. Lakini najijua. Jumatatu sikuinuka kitini, naweza nisiinuke na Jumamosi. Nikisimama kiti kimekwenda, labda na ufagio pia. Nisiposimama, nitabaki Mama Pua mpaka nizeeke, na wifi yangu atapita barabarani bila mkebe.

Sikuombi unichagulie. Nakuomba neno tu la kushika mkononi nikiinuka.

Nisalimie yule mama mwenye nyumba wako, mwambie asante kwa kukufulia siku ulipougua. Nisalimie rafiki yako mpishi, yule mchekeshaji. Baba yako, bibi yako na mdogo wako wanarudia salamu zao. Mungu akuweke penye joto, akupe usingizi, na akuepushe na kazi ya kuwapima watu.

Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi. Shangazi yako naye nimemwona leo dukani ananunua bahasha. Kama barua yake imetangulia, isome yote, mwanangu, usiiruke. Kila alichoandika ni kweli. Mjibu yeye kwanza. Halafu unijibu mimi upesi, kwa dereva huyo huyo, kabla ya ile Jumamosi, hata kama ni mstari mmoja, hata kama mstari wenyewe ni wa kunigombeza.

Ni mimi niliyekuzaa, ninayekupenda,
Mama yako.